Kilo za Mama

Mizani ililetwa shuleni ndani ya sanduku la mbao, na kwa kuwa sakafu ya stoo ilikuwa na mteremko, Muuguzi alikunja kipande cha boksi akakitia chini ya mguu mmoja mpaka mshale ukasimama kwenye sifuri. Akapanda mwenyewe kuijaribu, akashuka haraka, akarudisha uso wake wa kazi. Ukutani alipigilia ufito wa kupimia urefu. Mezani aliweka kibano cha plastiki, kile cha kushika nyama ya nyuma ya mkono na kuonyesha mafuta yaliyo chini ya ngozi yana unene gani. Alikitunza kwenye kasha la miwani kisije kikakanyagwa. Nje ya mlango watoto walipanga foleni pekupeku, viatu mkononi, wakisingiziana harufu ya miguu.

Sheria ilikuwa moja kwa wote. Kabla ya kupanda, mtoto avue viatu, sweta na mkanda, kisha atoe vitu mfukoni. Mifukoni mlitoka gololi, vizibo, mawe, na mkate uliokauka mpaka ukafanana na mawe. Mtoto mmoja wa darasa la nne alikuwa na plasta ngumu ya mguu uliovunjika, hadi gotini. Muuguzi akasoma karatasi ya maelekezo, akaona plasta imetajwa, akapunguza uzito wake kama ilivyoagizwa. Plasta si mwili.

Aliyefuata alikuwa binti wa fundi makochi, mwanafunzi wa darasa la saba. Wenzake walimwita Ghorofa. Alivua viatu, akavua sweta kwa taabu, akasogea mbele ya mizani na mama yake mgongoni.

Mama alikuwa amefariki mwaka uliopita. Alirudi msimu wa mvua, asubuhi moja binti alipoinama kibarazani kufunga kamba za viatu. Akampanda mgongoni, akapitisha mikono shingoni kwake, miguu akaiachia ining'inie ubavuni, na binti alipoinuka, akainuka naye. Wakaenda shule. Siku ile ya kwanza mwalimu wa hesabu alimwomba mama ainamishe kichwa ili watoto wa nyuma waone ubao, na mama akainamisha. Hata alipokuwa hai alikuwa mtu wa kusogea. Alisogea kwenye mabenchi ya hospitali, alisogea kwenye foleni za maji, alisogea kwenye picha za harusi za watu mpaka akabaki bega. Watoto walitania siku mbili tatu, wakampa binti lile jina, halafu wakazoea. Kwa kuwa mama alikuwa juu na anaona mbali, wakamfanya mlinzi wa kuwaangalizia kama mwalimu anakuja.

"Mama, hebu shuka kidogo nimpime mtoto," Muuguzi akasema.

Mama akatazama ukuta. Mikono yake ikakaza shingoni kwa binti.

Muuguzi akasubiri. Nyuma watoto wakaanza kusukumana. Akaipitia tena karatasi ya maelekezo kutoka juu hadi chini: viatu, sweta, mkanda, vitu vya mfukoni, plasta. Mama hakutajwa. Akamwambia binti apande hivyohivyo, asimame wima, atazame mbele. Mshale ukaondoka, ukapita pale ulipozoea kusimama kwa watoto wa darasa la saba, ukaendelea kama mtu asiyejua kwake ni wapi, mwishowe ukatulia.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Kilo hugawanywa kwa urefu, jibu likagawanywa kwa urefu tena, na kinachopatikana hutafutwa kwenye chati ya umri na jinsia, kwa sababu mtoto hapimwi kwa kipimo cha mtu mzima. Mwili wake bado uko safarini. Chati ilikuwa na rangi: kijani kwa waliosalimika, njano kwa wa kuangaliwa, nyekundu kwa wenye unene uliokithiri. Binti aliangukia kwenye nyekundu, na si pembezoni. Aliangukia katikati kabisa, kama mtu aliyekaa sebuleni kwake.

Muuguzi akatoa kibano kwenye kasha la miwani. Akashika nyama ya nyuma ya mkono wa binti, kati ya bega na kiwiko, akabana, akasoma. Akaachia, akabana tena. Ilikuwa nyama ya kawaida ya mtoto anayekula na kukimbia. Kwa kuwa mkono wa mama ulikuwa palepale, akaubana na wenyewe. Meno ya kibano yakakutana. Hapakuwa na kitu cha kushika.

Akaenda ofisini kwa Mwalimu Mkuu, akaeleza kwamba kinachotafutwa ni mafuta, kilo ni njia tu ya kuyakisia, na kwamba kwa huyu mtoto njia imepotea.

"Mwalimu, huyu hana mafuta. Ana mama."

"Chati inauliza kilo," Mwalimu Mkuu akasema. "Kilo zipo, hazipo?"

"Zipo."

"Basi."

Chati alikwisha kuitia kwenye fremu yenye kioo. Kibano hakikuja na chati yoyote. Kilipotoka sandukuni, Mwalimu Mkuu alidhani ni cha kuanikia nguo.

Watoto wa nyekundu walipewa benchi lao la kulia chakula. Wakati wa mapumziko waliagizwa kuzunguka uwanja mbio, na kwa kuwa nusu ya uwanja ilikuwa imefanywa maegesho ya magari ya walimu, walikimbia katikati ya magari wakiambiwa wachunge vioo. Duka la mke wa Mwalimu Mkuu, lililouza soda na peremende hapo getini, lilifungwa asubuhi ile kwa heshima ya upimaji. Mchana likafunguliwa. Upimaji wa pili ulipangwa kuwa mwisho wa muhula.

Mwalimu Mkuu alimpigia baba simu mwenyewe. Baba alipokea akiwa na misumari mdomoni, akaitika kwa mguno.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, kimejaa sponji, springi na vitambaa, harufu ya gundi hadi jikoni. Alikuwa fundi mzuri na mtu wa maneno. Tepu ya kupimia haikutoka shingoni kwake, hata mezani alikula nayo. Miaka ya nyuma, mkewe alikaa kwenye kochi jipya mbele ya wateja ili kulijaribu, springi ikalia. Fundi akasema springi za siku hizi hazikutengenezwa kubeba tani. Wateja wakacheka. Mkewe naye akacheka, tena yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kunyamaza. Kesho yake akamwomba wifi yake ile chai.

Shangazi, dada mkubwa wa Fundi, alikuwa akiuza chai ya kupunguza mwili. Pakiti yake ilikuwa na picha ya mwanamke, na pembeni yake mwanamke huyohuyo akiwa nusu. Wifi yake alimwuzia kwa bei ya ndugu, yaani bei ileile ila unaambiwa ni ya ndugu. Mama akanywa, akakonda. Moyo ukawa unamwenda mbio hata akiwa ameketi. Mikono ikamtetemeka mpaka akashindwa kutunga uzi kwenye sindano. Choo kikawa ndiyo makazi. Lakini kila aliyekutana naye alimwambia amependeza, na mtu anayeambiwa amependeza anasemaje kwamba anaumwa? Alifia kwenye kochi la mteja, mchana, gauni limebanwa kiunoni kwa pini za karakana. Daktari akasema ni moyo. Kochi lilikuwa limekwisha kulipiwa, na Jumatatu likapelekwa kwa mwenyewe.

Jioni ya siku ile ya upimaji Shangazi alikuja na mfuko wa chai yake. Alimpenda sana mtoto wa kaka yake, na hakuna aliyewahi kulitilia shaka hilo. Alimnunulia viatu vya shule, na kila Jumapili alimsuka nywele, akimwomba wifi yake ainue kidevu kidogo apate pa kupitisha vidole. Safari hii alikaa kwenye kochi bila kitambaa, sponji tupu, akamtazama binti kutoka miguuni hadi kwa mama.

"Kaka, mtoto anaufuata mwili wa mama yake," akasema. "Wifi, usininunie, mimi nasema kweli."

Fundi akavua tepu shingoni, akaizungusha kiunoni kwa binti, chini ya miguu ya mkewe. Akasoma. Akasema hakioni hicho kiuno kikubwa kinachosemwa. Shangazi akamjibu kwamba tepu yake ni ya makochi, ile ya shuleni ni mizani, na mizani haina shangazi wala mjomba. Fundi akaikunja tepu. Akaanza kubandua gundi iliyomkaukia vidoleni, na akiwa anaitazama hiyo gundi, akasema taratibu kwamba mama wa huyu mtoto pia aliinywa hiyo chai.

"Aliinywa, akapendeza," Shangazi akasema. "Kilichomuua ni moyo. Moyo ni moyo, kiuno ni kiuno."

Mama alikuwa anamtazama. Macho ya wafu hayapepesi sana, na Shangazi akaona bora ageukie mfuko wake. Akapanga pakiti mezani. Akaeleza: kikombe kimoja asubuhi, kabla ya kutia kitu tumboni. Kama upimaji wa pili utamkuta mtoto bado mwekundu, basi likizo nzima atahamia kwake.

"Kwangu hamna mchezo. Kwangu mtu anakunywa nikiangalia koo linavyoshuka."

Fundi hakuwahi kushinda ubishi na dada yake tangu utotoni. Dada ndiye aliyemlea, na kwa mtu aliyekulisha uji na kijiko, hata ukiota mvi unabaki una kijiko mdomoni. Akamwambia binti anywe tu. Shangazi yako anakupenda, akasema. Ilikuwa kweli, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa.

Asubuhi yake Fundi alichemsha chai kwa mkono wake, akaimimina kikombeni, akasimama mlangoni mwa jikoni na tepu yake shingoni. Ilinuka kama nyasi zilizolala mvuani. Binti akainua kikombe. Tangu arudi, mama hakuwa amesema neno hata moja, si nyumbani, si shuleni. Sasa akamwinamia sikioni.

"Usinywe."

Kisha akatanua mabega na kulitandaza gauni lake, lile la pini, mpaka kutoka mlangoni hapakuonekana ila mgongo wake. Nyuma ya mgongo huo binti akamimina chai kwenye sinki. Fundi akasikia maji yakishuka. Akauliza kama amemaliza, akajibiwa amemaliza, akaenda kwenye makochi yake. Wakafanya hivyo kila asubuhi.

Bomba la sinki lilikuwa limeziba nusu tangu walipohamia. Kabla ya wiki kwisha likazibuka, na Fundi akafurahi, akasema neema huja kwa njia nyingi. Kisha likaanza kukonda. Lilikonda kila siku kidogo, chuma kile, mpaka likawa kama mrija wa kunywea soda. Halafu likabana katikati, likawa na kiuno cha nyigu, na siku moja likakatika, maji yakatapakaa jikoni kote. Fundi bomba aliyeitwa alilala chali chini ya sinki, akatoka na vipande viwili, akavitazama kwenye mwanga. Akasema mtaa huu ameshabadilisha mabomba ya namna hii nyumba kadhaa. Akauliza kama humu ndani mna msichana.

"Yupo," Fundi akasema.

Fundi bomba akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa saizi, akafunga bomba nene zaidi. Kipande kimoja Fundi alikiokota, akakipima unene kwa tepu, akakitupa kwenye ndoo ya misumari mibovu.

Shangazi alikuja kila Jumapili, akaona mtoto hapungui. Akasema kuna miili sugu. Akaongeza kikombe cha pili.

Shuleni, benchi la wekundu lilikuwa limezoeleka. Binti alikimbia katikati ya magari na mama yake mgongoni, na alikimbia vizuri kuliko wengi waliokuwa peke yao, maana miguu yake ilikuwa imekomaa kwa mzigo. Mwalimu wa michezo aliliona hilo. Akasema lau asingekuwa mnene, angemweka kwenye timu.

Asubuhi ya upimaji wa pili binti alikaa kibarazani na viatu vyake. Ndani, Fundi alikuwa akigonga misumari. Binti akafunga kamba ya kwanza.

"Mama, leo ushuke."

Mama akakaza mikono shingoni kwake.

"Ukishuka nitatoka kwenye nyekundu. Nisipotoka, naenda kwa shangazi. Kule hakuna wa kuniziba nikimwaga. Atanisimamia."

"Nikishuka sipandi tena," mama akasema. "Kwetu hakuna kupanda mara mbili."

Binti akachukua kiatu cha pili. Akavuta kamba, akafunga fundo, akafunga jingine juu yake, halafu akayafungua yote mawili akaanza upya. Misumari ndani ikaendelea.

"Sawa," akasema.

Wakaenda shule kwa njia ndefu, ile ya kuzunguka nyuma ya kiwanda cha matofali, ambayo hawakuwa wakiipita siku nyingine kwa sababu inachelewesha.

Safari hii wazazi walikaribishwa kushuhudia. Walikaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakigusa videvu. Fundi alikuwepo, Shangazi alikuwepo, Mwalimu Mkuu alisimama chini ya chati yake yenye kioo. Binti alivua viatu, akavua sweta. Muuguzi alimtazama mama tu. Mama akalegeza mikono shingoni kwa mwanawe. Akashusha mguu mmoja, akatafuta sakafu kwa kidole kama mtu anayeingia kwenye maji asiyoyajua, akashusha wa pili, akasimama.

Binti akaenda mbele hatua kadhaa bila kutaka, kama mtu aliyeusukuma mlango kumbe uko wazi. Muuguzi akamdaka. Akapanda mizani. Mshale ukaondoka, ukasimama kwenye uzito wa mtoto. Muuguzi akapiga hesabu, akapandisha kidole kwenye chati, na kidole kikaishia kwenye kijani.

Viti vikalia. Muuguzi akainua mkono watu wanyamaze, akachukua kibano, akabana nyuma ya mkono wa binti. Kikasoma vilevile kilivyosoma mwanzo wa muhula. Akawageukia wazazi akawaeleza kwamba mafuta ya huyu mtoto hayakuongezeka wala hayakupungua. Yako pale yalipokuwa, na pale yalipokuwa palikuwa pazuri. Kilichopungua ni mama yake, na wote wamemwona akishuka. Watu wakaitikia kwamba kweli, wamemwona.

Mwalimu Mkuu hakuwa mtu wa kuonea. Akasema kama kilo ni za mama, basi mama naye apande, zionekane, na kila kilo irudi kwa mwenyewe. Mama akapanda. Akasimama wima, akatazama mbele, gauni lake limekusanywa na pini kiunoni. Mshale haukutikisika. Muuguzi akainama kutazama kama kile kipande cha boksi kimeteleza. Hakikuteleza. Ilikuwa sifuri.

"Kilo zilizopungua ni nyingi," Mwalimu Mkuu akasema. "Mama hana hata moja. Kwa hiyo hazikuwa za mama."

Muuguzi akasema wafu wakiwa peke yao hawana uzito, mpaka wapate wa kuwabeba. Wanawake wawili waliovaa nguo za msiba walitikisa vichwa kukubali, maana hilo walilijua. Mwalimu Mkuu akakubali kwamba inawezekana, lakini haikuwemo kwenye maelekezo, na yeye hawezi kuandika inawezekana. Kisha akauliza familia walichokifanya nyumbani hata mtoto akatoka nyekundu mpaka kijani kwa muhula mmoja.

Shangazi alikuwa amekwisha kusimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, machozi ya kweli.

"Amekunywa," akasema.

"Sikunywa," binti akasema. "Nilimwaga kwenye sinki. Zote."

Shangazi akamkumbatia akamfunika uso kwa kifua chake. Akawaambia watu wamsamehe, mtoto wa kike ana haya, nani anapenda kusemwa hadharani kwamba alikuwa mnene. Wazazi wakacheka kwa upole. Fundi naye alicheka. Alikuwa ameishika tepu yake mikono yote miwili, akiikunja na kuikunjua. Alijua bomba limekatika. Alikwisha kulishika kwa mkono wake. Watu walipomgeukia kumpongeza, akasema ahsanteni.

Mwalimu Mkuu akampa Shangazi nafasi getini, ubavuni mwa duka la mkewe, ili mzazi asihangaike: mtoto akitoka kununua soda, chai iko hatua moja mbele. Shangazi akaleta meza, mwavuli, na masanduku ya pakiti. Kila Jumamosi wazazi walipokuja kuchukua matokeo, alimsimamisha binti kando ya meza, amevaa blauzi iliyochomekwa. Alimlipa kwa mapenzi: alimletea kofia ya jua, alimfuta jasho.

Mama hakuwa na pa kwenda. Siku ya kwanza alikuja getini akapanda juu ya sanduku la pakiti, akakaa katikati ya kifuniko, akashika kingo kwa mikono miwili. Shangazi akakiinua kifuniko kwa mkono mmoja, naye akiwa juu yake, akatoa pakiti alizotaka, akakirudisha. Mama aliinuka nacho, akashuka nacho. Baada ya hapo Shangazi, ambaye hakuwa mtu wa kukosa adabu, alikuwa akimwomba kwanza.

Watu walinunua. Alikuja pia mama wa yule mtoto aliyekuwa na plasta. Plasta ilikuwa imetolewa, mtoto alikuwa amekaa muhula mzima bila kukimbia, na chati ilikuwa imemweka kwenye njano. Binti akamtazama mtoto, akamtazama yule mama wa mtoto.

"Mimi sikunywa, mama," akasema. "Usimpe. Ni mama yangu ndiye alishuka."

"Najua, mwanangu. Si nilikuwepo? Nilimwona akishuka." Akatabasamu, akamgusa shavu, akamgeukia Shangazi. "Nipe mbili."

Muhula uliofuata mtoto yule aliingia kijani. Mikono ilikuwa inamtetemeka kidogo, hata penseli ilimponyoka, na mwalimu wa hesabu alimkaripia kwa mwandiko. Kila aliyekutana naye alimwambia amependeza. Muuguzi alikuwa amehamishiwa shule nyingine yenye mizani kama ileile. Kasha la miwani alikuwa amelichukua, ila kibano hakikuwa chake, akakiacha. Mke wa Mwalimu Mkuu anakitumia kubania mifuko ya peremende iliyofunguliwa, isiingiwe na sisimizi.

Binti alizoea kutembea mwepesi. Yuko kwenye timu sasa, na inasemekana ana mbio. Ana tabia moja tu ambayo Shangazi hajaielewa. Anafunga kamba za viatu mara nyingi kuliko zinavyofunguka. Akiinama, hukaa ameinama, mgongo umetandazwa, na huchelewa kuinuka.

Jumamosi iliyopita foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye magari ya walimu. Pakiti za mezani zikaisha. Shangazi akageuka nyuma.

"Wifi, sogea kidogo, nitoe nyingine."

Mama akasogea.

Kando ya meza binti alikuwa ameinama, kamba za viatu mkononi, zote zimefungwa. Mama alikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa. Binti akangoja. Foleni nayo ikangoja.

"Inuka, mwanangu," Shangazi akasema, "watu wakione kiuno."

Akainuka. Haikuwa kazi.